Uwanja wa Severus wa Leptis Magna: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi wanaposikia habari za uwanja wa umma wa Kirumi hufikiria mji wa Roma peke yake. Maswali yafuatayo yanahusu uwanja uliojengwa katika ardhi ya Afrika na Kaisari aliyezaliwa Afrika. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayohitaji maelezo ya ziada, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Uwanja wa Severus ni nini, na uko wapi?

Ni uwanja wa umma uliojengwa mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3 katika mji wa Leptis Magna, kwenye pwani ya Libya, karibu na mji wa leo wa Al Khums, kiasi cha kilomita 120 mashariki mwa Tripoli. Aliyeuanzisha ni Septimius Severus, aliyekuwa Kaisari wa Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211. Aliyeukamilisha ni mwanawe, Caracalla, na maandishi ya uzinduzi wa basilika yake ni ya mwaka 216.

Eneo la wazi lina urefu wa karibu mita 100 na upana wa karibu mita 60. Limezungukwa na baraza zenye nguzo, na nje ya baraza hizo umesimama ukuta mrefu wa mawe ya chokaa ambao hadi leo ndio unaomshtua mgeni kwanza, kwa maana ukiwa nje huoni dalili yoyote ya mapambo yaliyomo ndani.

Uwanja wa namna hii ulikuwa na kazi gani?

Katika mji wa Kirumi, uwanja wa umma ulikuwa mahali pa kesi, ibada za dola, matangazo, mikataba na biashara. Shughuli hizo hazikutenganishwa kama zinavyotenganishwa leo: hakimu alisikiliza kesi ndani ya basilika huku wafanyabiashara wakikutana hatua chache kutoka alipoketi, na sadaka kwa ajili ya Kaisari ilitolewa mbele ya hekalu lililotazamana na basilika hiyohiyo. Neno basilika hapa lina maana ya ukumbi mkubwa wa mahakama na shughuli za umma. Matumizi yake kwa kanisa yalikuja baadaye (tazama swali kuhusu kuachwa kwa uwanja).

Uwanja wa Kirumi ulifikaje Leptis Magna?

Mji haukuanzishwa na Warumi. Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini kutoka pwani ya Lebanon ya leo, walikaa kwenye mlango wa Wadi Lebda (wadi ni bonde la mto usiotiririka mwaka mzima) tangu karne ya 7 KK, kwa sababu mlango huo uliwapa mahali pa kutia nanga katika pwani yenye bandari chache. Baadaye mji ulikuwa chini ya Karthago, kisha chini ya wafalme wa Numidia, na mwaka 111 KK ukafanya urafiki na Roma.

Utajiri wake ulitokana na zeituni za bara. Baada ya Julius Caesar kuwashinda wapinzani wake barani Afrika mwaka 46 KK, mji ulitozwa adhabu ya pauni milioni 3 za mafuta ya zeituni kila mwaka, na kiasi hicho peke yake kinaonyesha ukubwa wa mashamba yaliyokuwa nyuma ya mji. Matajiri wa mafuta hayo ndio waliojenga majengo ya kwanza ya mtindo wa Kirumi kwa fedha zao. Annobal Tapapius Rufus, mtu mwenye jina la Kipuniki, lugha ya Wafoinike wa Karthago, pamoja na la Kilatini, alitoa soko la mji mwaka 8 KK na jumba la maonyesho katika mwaka wa 1 hadi wa 2 BK. Kaisari Trajan akaupa mji hadhi ya koloni la Kirumi, cheo cha heshima kwa mji, mwanzoni mwa karne ya 2. Kwa hiyo Severus alipoanza kujenga, mji wake ulikuwa umeshajenga kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Je, huu ndio uwanja pekee wa umma mjini humo?

Hapana. Upo Uwanja wa Kale, karibu na bahari, wenye hekalu la Roma na Augustus lililojengwa wakati wa Kaisari Tiberius, pamoja na hekalu la Liber Pater, mungu wa mvinyo, na basilika ndogo. Maandishi yake kadhaa yako katika lugha mbili, Kilatini na Kipuniki cha baadaye, na msomaji anayetaka kuelewa jinsi wenyeji walivyojiunga na Dola bila kuacha lugha yao aanzie hapo. Uwanja wa Severus haukuubomoa ule wa kale. Ulijengwa upande mwingine wa mji, kando ya wadi.

## Severus na mji wake

Je, Septimius Severus alikuwa Mwafrika?

Ndiyo, kwa kuzaliwa na kwa malezi. Alizaliwa Leptis Magna mwaka 145. Upande wa baba yake ulikuwa ukoo wa wenyeji wenye asili ya Kipuniki ambao kwa vizazi kadhaa walikuwa miongoni mwa wakuu wa mji. Upande wa mama yake, Fulvia Pia, ulikuwa na asili ya Italia. Mkewe, Julia Domna, alitoka Emesa, Siria. Waandishi wa kale wanasimulia kuwa lafudhi ya Kiafrika haikumtoka hata uzeeni.

Wanaouliza swali hili mara nyingi wanataka kujua rangi ya ngozi yake. Ipo picha moja ya rangi iliyochorwa wakati wa uhai wake, ubao wa duara kutoka Misri unaohifadhiwa Berlin, ambamo amechorwa akiwa na ngozi ya kahawia na ndevu zilizoanza kuingia mvi. Mchoro huo una thamani kubwa, lakini haufai kubebeshwa hoja nzima ya asili yake, kwa sababu wachoraji wa zama zile walikuwa na desturi ya kuwachora wanaume kwa rangi nyeusi zaidi kuliko wanawake. Kilicho wazi ni kwamba mtu wa pwani ya Afrika, mwenye jamaa waliozungumza Kipuniki, alitawala Dola kuanzia Uingereza hadi Mesopotamia, na mji uliomlea ulipata matunda yake.

Kwa nini alijenga kwa ukubwa namna hii?

Sababu ya kwanza ni desturi: mtu wa mji aliyepanda cheo alitarajiwa kuupamba mji wake, na Severus alikuwa amepanda hadi mahali ambapo hapana pa kupanda tena. Sababu ya pili ni siasa. Alichukua utawala kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nasaba mpya ilihitaji kuonekana kama nasaba ya kudumu. Majengo ya Leptis yanarudia ujumbe huo kila mahali, hasa kwenye tao lenye nyuso nne lililosimama penye njia panda kuu, ambapo sanamu za kuchongwa zinamwonyesha Kaisari pamoja na wanawe.

Uwanja haukujengwa peke yake. Mradi mzima ulikuwa na bandari iliyopanuliwa, barabara pana yenye nguzo pande zote mbili iliyotoka eneo la mabafu kuelekea bandarini, na jengo kubwa la chemchemi. Uwanja na basilika vilikuwa kiini cha mradi huo.

Kwa nini Geta hatajwi kwenye uzinduzi wa mwaka 216?

Severus alifariki York, Uingereza, mwezi Februari mwaka 211, akawaachia utawala wanawe wawili, Caracalla na Geta. Mwezi Desemba mwaka huohuo Caracalla aliamuru nduguye auawe, na baada ya hapo jina la Geta likafutwa kwa patasi kutoka kwenye maandishi ya umma kote katika Dola. Basilika ilipozinduliwa mwaka 216, Caracalla alijitaja yeye na baba yake tu. Hata ule ubao wa Berlin una duara tupu mahali palipokuwa na uso wa mtoto mmojawapo.

## Ramani na ujenzi

Majengo yamepangwaje?

Mtu aliyesimama katikati ya uwanja alikuwa na hekalu upande wa kusini-magharibi, juu ya jukwaa refu lenye ngazi, na basilika upande wa kaskazini-mashariki, ikiufunga uwanja kwa upana wake wote. Pande nyingine zilikuwa na baraza, na sakafu ilikuwa ya marumaru. Barabara yenye nguzo ilipita nje ya ukuta, upande wa wadi.

Ni kweli kwamba basilika na uwanja havilingani? Mbona haionekani?

Ni kweli, na jinsi kasoro hiyo ilivyofichwa ndiyo sehemu ya jengo hili inayostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko nyingine zote.

Kiwanja kilibanwa kati ya mitaa ya zamani, yenye mwelekeo wake, na ukingo wa wadi. Matokeo yake, mstari wa basilika haukwenda sambamba na upande wa uwanja unaotazamana nayo. Kati yao ilibaki nafasi yenye umbo la kabari, nyembamba upande mmoja na pana upande wa pili. Msanifu asiye makini angeliacha pengo hilo lionekane, au angeupinda uwanja wote. Huyu alijaza kabari kwa safu ya vyumba vya maduka. Milango yote ya vyumba hivyo inafunguka kwenye baraza, kwa mstari ulionyooka; kinachobadilika ni kina chake. Chumba cha upande mwembamba ni kifupi, kinachofuata kinazidi kidogo, na kuendelea hivyo hadi kile cha mwisho ambacho ni kirefu kabisa.

Mtu aliyepita barazani aliona milango iliyopangika vizuri, na aliyeingia basilika alikuta ukumbi wenye pembe sawasawa. Hakuna alipoweza kusimama akaona mistari miwili ikipishana. Ramani iliyochorwa kutoka juu ndiyo inayofichua siri hiyo mara moja, na kwa sababu hiyo ni vizuri kuwa na ramani mkononi unaposoma habari za mahali hapa.

Matao ya baraza yana upekee gani?

Katika viwanja vingi vya Kirumi, nguzo hubeba boriti za mawe zilizolazwa. Hapa matao yanaanza moja kwa moja juu ya vichwa vya nguzo, yakirukia nguzo inayofuata bila boriti kati yake. Mtindo huu ulikuwa bado mgeni katika majengo makubwa ya umma. Baadaye ukaenea: unaonekana katika jumba la Kaisari Diocletian huko Split, Kroatia, na kisha katika makanisa na misikiti mingi ya nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania.

Ubora wake ni wa macho zaidi kuliko wa nguvu. Boriti zilizolazwa huleta mstari mmoja mrefu, ilhali matao huufanya upande mzima wa uwanja uende kwa mapigo. Pia huacha pembetatu kati ya tao na tao, na pembetatu hizo ndizo zilizopewa vile vichwa mashuhuri vinavyoelezwa hapa chini.

Vichwa vilivyochongwa ni vya nani?

Vingi ni vya Medusa, yule ambaye katika hadithi za Kigiriki alikuwa na nywele za nyoka na macho yanayomgeuza mtu kuwa jiwe. Zaidi ya vichwa 70 vimepatikana, na baadhi ni vya viumbe wa kike wa baharini. Kila kimoja kimo ndani ya duara la marumaru.

Ukivikaribia unaona kwamba havifanani. Kimoja kina mashavu yaliyojaa na mdomo uliofumbuka kidogo kama wa mtu anayetaka kusema. Kingine kimekunja paji la uso hadi nyusi zinakaribia kukutana. Mboni zimetobolewa kwa keke, na mashimo ya keke hiyohiyo yamepangwa kati ya misokoto ya nywele ili jua kali la pwani litie kivuli ndani yake. Mchongaji alijua kuwa kazi yake itatazamwa kutoka chini na kwa mbali, hivyo akachimba kwa kina kile ambacho kwa karibu kingetosha kukwaruzwa tu.

Sura ya Medusa iliwekwa kwenye milango, ngao na majengo ili kufukuza shari. Zaidi ya hayo, baadhi ya hadithi za kale zilidai kuwa makao yake yalikuwa Libya, kwa hiyo hapa alikuwa kama yuko kwao.

Mawe yalitoka wapi?

Chokaa ngumu ya kuta ilichimbwa Ras el-Hammam, karibu na mji. Tripolitania, yaani eneo la pwani linalozunguka Tripoli na Leptis, haina marumaru, kwa hiyo marumaru yote ilikuja kwa meli. Nguzo za baraza ni za marumaru yenye mishipa ya kijani kutoka Karystos, katika kisiwa cha Euboea, Ugiriki. Marumaru nyeupe ilitoka Pentelikon, karibu na Athene, na kisiwa cha Prokonnesos katika Bahari ya Marmara. Nguzo nyekundu za graniti za hekalu na basilika zilichimbwa Aswan, zikateremshwa kwa Mto Nile hadi pwani ya Misri, kisha zikavushwa baharini kuelekea magharibi.

Nguzo hizo ni jiwe moja kila moja. Kuipata nguzo ya namna hiyo kulihitaji machimbo yanayoongozwa na maofisa wa Kaisari, mashua za mtoni, meli za kubeba mizigo mizito, na bandari yenye gati imara. Ndiyo maana upanuzi wa bandari hauwezi kutenganishwa na ujenzi wa uwanja.

Waashi na wachongaji walikuwa akina nani?

Walikuwa mchanganyiko. Mafundi wa chokaa walikuwa na mazoea ya muda mrefu hapohapo mjini. Mafundi wa marumaru, kwa sehemu kubwa, walitoka mashariki: majina yamekwaruzwa kwa herufi za Kigiriki kwenye vitako vya nguzo na sehemu nyingine ambazo mtazamaji hakutarajiwa kuziona, na michongo ya basilika inafanana sana na ile ya Aphrodisias, mji wa wachongaji katika Uturuki ya leo. Inaelekea walisafiri pamoja na mawe yao.

Ndani ya basilika kuna nini?

Ukumbi una urefu wa takribani mita 92 na upana wa mita 40. Safu mbili za nguzo nyekundu zinaugawa katika njia tatu, ile ya kati ikiwa pana zaidi, na juu ya njia za pembeni kulikuwa na ghorofa zilizotazama katikati. Kila mwisho wa ukumbi una sehemu ya nusu duara.

Kando ya nusu duara hizo zimesimama nguzo bapa za marumaru nyeupe zilizochongwa kutoka chini hadi juu kwa mizabibu na matawi yanayojisokota, na ndani ya kila msokoto kuna mtu au mnyama. Upande mmoja unahusu Liber Pater na mwingine unahusu Hercules na kazi zake. Uteuzi huo haukuwa wa bahati: hao wawili ndio waliokuwa walinzi wa Leptis, wakiwa wamechukua nafasi ya miungu ya Kipuniki Shadrapa na Milkashtart. Severus aliwapa heshima hata mjini Roma.

Hekalu lilikuwa la nani?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba lilikuwa la ukoo wa Kaisari wenyewe. Wapo wataalamu wanaolihusisha na miungu walinzi wawili waliotajwa katika swali lililotangulia. Viweko vya nguzo zake vimechongwa vita vya miungu na majitu, mada iliyopendwa na watawala waliotaka ushindi wao uonekane kama ushindi wa utaratibu dhidi ya fujo.

## Kuachwa, kuchukuliwa na kufukuliwa

Uwanja uliachwa lini?

Hakuna siku moja. Bandari ilijaa mchanga, makabila ya bara yaliushambulia mji katika miaka ya 360, na Wavandali, kabila la Kijerumani, wakaushika katika karne ya 5. Majeshi ya Justinian, Kaisari wa Dola ya mashariki, yalipoirudisha Afrika chini ya utawala wa Konstantinopo kuanzia mwaka 533, sehemu kubwa ya mji ilikuwa imefunikwa na mchanga. Justinian alijenga ukuta mpya uliozunguka eneo dogo zaidi, na basilika ikageuzwa kuwa kanisa. Waarabu walipofika katika miaka ya 640, mji ulikuwa umebaki na watu wachache, na mchanga ukaendelea na kazi yake.

Ni kweli kwamba nguzo za Leptis ziko Ulaya?

Ni kweli. Mwishoni mwa karne ya 17, balozi mdogo wa Ufaransa mjini Tripoli, Claude Lemaire, alisafirisha nguzo nyingi kwa ajili ya majengo ya Louis XIV. Katika miaka ya 1816 na 1817, Hanmer Warrington, mwakilishi wa Uingereza, alipata idhini ya Pasha Yusuf Karamanli, na shehena ikafika London mwaka 1818. Baada ya kukaa miaka kadhaa bila kazi, mawe hayo yalipelekwa Virginia Water, karibu na Windsor, yakapangwa kama magofu ya bandia kumpendeza Mfalme George IV. Bado yako huko.

Ninaliona jambo hilo kuwa hasara isiyo na kisingizio. Wajenzi wa misikiti waliochukua nguzo za kale waliziweka zibebe paa. Inasimuliwa kuwa nguzo za Msikiti wa Murad Agha huko Tajura, wa karne ya 16, zilitoka Leptis, na watu bado wanaswali kati yake. Zile za Windsor zilitolewa mahali ambapo zingeweza kueleza jengo zima, zikawa pambo la bustani.

Nani aliufukua uwanja?

Wataliano, baada ya kuivamia Libya mwaka 1911. Kazi kubwa ilianza mwaka 1920 chini ya Pietro Romanelli, akafuatiwa na Renato Bartoccini, Giacomo Guidi na Giacomo Caputo. Ustadi wao haukataliki, na nguzo nyingi zilizosimama leo zilisimamishwa tena wakati huo. Hata hivyo kazi hiyo ilitumikia ukoloni: serikali ya Mussolini iliyatumia magofu kama hati ya madai kuwa Italia ilikuwa inarudi kwenye ardhi yake. Majina ya Annobal na wenzake, yaliyoandikwa kwenye mawe yaleyale, yalitosha kuyapinga madai hayo.

Je, magofu yako salama?

UNESCO iliuweka mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2016 ukaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini pamoja na maeneo mengine manne ya Libya, kutokana na vita na udhaifu wa ulinzi. Hatari za asili ni za zamani zaidi. Bahari inakula kingo za pwani, na Wadi Lebda, iliyo kavu sehemu kubwa ya mwaka, hufurika ghafla mvua kubwa zinyeshapo bara. Warumi waliijua tabia yake, wakajenga ukuta wa kuzuia maji juu ya mji ili kuugeuza mkondo. Ukuta huo ulipokosa matengenezo, maji yalirudia njia yake ya asili, kando kabisa ya barabara yenye nguzo na ukuta wa uwanja.